Nywele Alizozika Bi Sihaba

Wasikilizaji wapendwa, asalamu alaykum, na wenye salamu nyingine nanyi nawasalimu. Wekeni chini mlichoshika, mkae nami kidogo. Jioni hii tunamkumbuka mwanamke aliyeshika vichwa vingi vya Bagamoyo. Tunamkumbuka Bi Sihaba binti Majaliwa, msusi. Huenda wewe unayenisikiliza alikusuka siku ya harusi yako. Huenda alimsuka mama yako siku ya kuzikwa kwake. Bi Sihaba alifanya kazi zote mbili, na kwa mikono ile ile.

Bi Sihaba amefariki mwaka huu, mwezi wa Shaabani, kwa maradhi ya figo. Nalisema mapema ili asiwepo mtu atakayekaa hapa akingoja apone. Hakupona. Lakini maradhi yenyewe hayakujionyesha kwanza kwenye figo. Yalijionyesha kichwani, kwenye nywele zake. Narudia, kwenye nywele.

Haya ninayowasimulia nimeyapata kwa mdogo wake, Bi Mwanamkasi. Na mwenye ruhusa ya kuyatoa nje, binti wa marehemu, anaitwa Nadhira, ameitoa ruhusa hiyo kwa kinywa chake. Hilo la ruhusa lishikeni, tutalirudia.

Bi Sihaba alizaliwa hapa hapa, Mji Mkongwe, katika nyumba ya marehemu mzee Majaliwa, aliyekuwa akiuza kanga na vitambaa. Walikuwa mabinti wawili, Sihaba mkubwa na Mwanamkasi mdogo. Na nyinyi mliozaliwa wadogo mnajua wakubwa wanavyowatumia. "Kichwa changu ndicho kilichokuwa shule yake," ananiambia Bi Mwanamkasi. "Akikosea anafumua, anaanza upya. Mimi nililia sana ndipo nyinyi mkapendeza." Anacheka akisema hivyo, halafu kicheko kinamkatikia njiani.

Alipoolewa na Bwana Mikdad, dereva wa trekta huko Makurunge, alihamia nyumba ya pili tu kutoka kwa wazazi wake. Akatandika mkeka ukumbini, akaanza kazi. Mteja anakaa chini katikati ya magoti yake, mafuta ya nazi kwenye kibakuli, chanuo la mti mkononi. Twende kilioni, vitunguu, mabutu ya watoto wa shule, rasta za maharusi. Watu walitoka Kaole, walitoka mpaka Miono na mabinti zao. Huku kwetu tunaamini kuna mkono wa kukuza nywele. Msusi mmoja akikushika, zinakatika. Mwingine akikushika, zinajaa. Bi Sihaba alikuwa na mkono huo, au watu waliamini anao, na kwa msusi hayo mawili ni kitu kimoja.

Na vichwa alivisoma. Hilo kila mtu analisema. Binti wa mjini anakuja, pembe za paji la uso zimerudi nyuma, pembeni mwa masikio pametoka uwazi. Bi Sihaba anapapasa kwa kidole gumba. "Hizi zimevutwa, mwanangu. Umebanwa rasta tangu mdogo. Leo sikusuki. Ziache zipumue, mzizi ukishakufa hapaoti kitu." Mteja amekuja na hamu ya kusukwa, anarudishwa kama alivyokuja. Mwanamke mwingine utosi umeungua kwa dawa ya kulainisha, ngozi imekuwa laini inayong'aa, naye anaambiwa ukweli, kwamba pale penye kovu hapaoti tena. Mtoto akiletwa na mapunye, Bi Sihaba anamkemea mama yake. "Huu ni ukungu wa ngozi, unaambukiza. Mpeleke hospitali apewe vidonge, na ukome kumpaka mafuta ya taa." Hata kaka za wateja walikuja barazani kulalamika juu ya upara. Hao aliwajibu kwa dhihaka. "Kamlaumu babu yako. Mimi sisuki ukoo."

Lakini kuna mtu mmoja alimpokea kwa upole kuliko wote. Huyo ni mzazi. Mwanamke amejifungua, mtoto ana miezi mitatu, minne, na nywele zinatoka mafungu mafungu. Anakuja analia. Bi Sihaba anamwambia, "Hizi za uzazi. Zinadondoka, na zitarudi. Nenda kale vizuri, ulale mtoto akilala." Na kweli zilirudi. Wanawake wangapi wa mji huu wamepona hofu kwa maneno hayo. Zitarudi. Likumbukeni neno hilo.

Sasa niwaambie jambo la pili kuhusu mikono yake. Kwetu Waislamu, mwanamke akifa, wanawake wenzake wanamwosha, na nywele zake zinafumuliwa, zinaoshwa, zinasukwa mikia mitatu, inalazwa nyuma. Mikia mitatu. Kwa miaka mingi hapa mjini, Bi Hajra, kiongozi wa waosha maiti, alikuwa akifika kwenye sehemu hiyo anasema, "Mwiteni Sihaba." Bi Sihaba anaingia na chanuo lake, anafumua taratibu, anasuka taratibu. Aliwahi kuulizwa kwa nini anakuwa mpole vile na mtu asiyehisi. Akajibu, "Huyu hawezi kunambia namuumiza." Mama yao mzazi alipofariki, ni yeye aliyemsuka.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Sote tunajua nywele za kwenye kitana hazitupwi ovyo. Tumelelewa hivyo. Unachana, unazikusanya, unazikunja kidonge, unazifukia uani, pasipopita mtu, ili asizipate mwenye nia mbaya. Kila mwanamke na kitana chake, kila mwanamke na nywele zake. Mama haangalii kitana cha binti, binti haangalii cha mama. Ni adabu. Na nyumba ya Bi Sihaba, iliyokuwa ikijaa nywele za watu wengine kutwa, ilishika adabu hiyo kuliko nyumba zote. Alifukia za wateja, alifukia zake, chini ya mrehani uliokuwa nyuma ya bafu.

Miaka mitatu iliyopita Bi Sihaba alijifungua mtoto wake wa mwisho, Abuu. Alikuwa amepita arobaini. Abuu alipofika miezi minne, nywele za mama yake zikaanza kutoka. Hakushtuka. Akajiambia yale aliyowaambia wote. Za uzazi. Zitarudi.

Abuu akakaa, akatambaa, akatembea. Nywele hazikurudi.

Zilizidi. Zilitoka mbele, zilitoka utosini, zikaacha mabaka, na mengine yalikuwa na ngozi yenye makovu. Bi Sihaba, msoma vichwa, hakuwahi kuona kichwa cha namna ile. Na badala ya kumuuliza mtu, alivaa kitambaa cheusi chini ya ushungi, akakifunga kisogoni. Akawa havui. Hata ndani, hata mbele ya wanawake peke yao, hata kwenye singo ya harusi ya jirani, bi harusi akisuguliwa manukato, ambako vichwa vyote vilikuwa wazi. Akitaniwa, anasema kichwa kinamsumbua kwa baridi. Baridi gani, Bagamoyo?

Lakini angemwambia nani? Alikuwa msusi mwenye mkono wa kukuza nywele. Mkono huo ukikosa kukuza za mwenyewe, nani atamletea bintiye? Watasema amepigwa jicho. Watasema mkono umeharibika. Aliogopa hivyo, na simlaumu, kwa sababu ninaujua mji wangu. Tungesema.

Kuna mtu mmoja aliyeona, naye ni mumewe. Bwana Mikdad hurudi kutoka shambani Alhamisi jioni. Nilimuuliza mwenyewe, akiwa amekaa na Abuu mapajani. "Niliona," akanijibu. "Nikamwambia, mke wangu, twende hospitali. Akanambia ni za uzazi, zitarudi. Akaniapisha nisimwambie mtu. Sasa mimi dereva wa trekta, nimbishie msusi habari ya nywele?" Akamfunga Abuu kifungo cha shati. Kisha akasema, "Ningebisha." Akalisema mara mbili.

Mengine yalifuata moja moja. Vidole vikaanza kukakamaa asubuhi, mpaka aviloweke kwenye maji ya moto ndipo ashike chanuo. Watu wakasema baridi yabisi. Jua likimpiga, mashavu yanakuwa mekundu meusi, wekundu unavuka pua kutoka shavu mpaka shavu. Majirani wakanong'ona kwamba Bi Sihaba ameanza kujichubua kwa mkorogo uzeeni. Akawa anachoka, anamsuka mtu nusu kichwa anaomba alale. Alikwenda zahanati, akatibiwa malaria. Alikwenda tena, akapewa dawa za maumivu ya viungo. Kila mara aliulizwa, "Kuna kingine, mama?" Na kila mara alijibu, "Hakuna." Kila jambo alilipeleka peke yake. Homa aliipeleka, vidole alivipeleka. Nywele hakuzipeleka.

Mwishoni mwa mwezi wa Rajabu aliamka uso umevimba, miguu imejaa, viatu haviingii. Bi Mwanamkasi akakodi gari, akampeleka hospitali kubwa Dar es Salaam. Walipima damu, walipima mkojo. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuja kando ya kitanda akauliza mambo mengi kwa haraka. Viungo? Vinauma. Jua? Linamuunguza. Halafu akauliza, "Na nywele zake, zimekuwaje?"

Bi Mwanamkasi ndiye aliyejibu. Alijibu kwa fahari, kama dada anavyojibu. "Nywele nzuri tu, daktari. Huyu ni msusi. Bagamoyo yote anaisuka yeye."

Bi Sihaba alikuwa amelala pale pale, kitambaa cheusi kimekaza, ushungi juu yake. Alisikia. Alimtazama mdogo wake, kisha akageuza uso ukutani. Daktari aliomba kuona, Bi Sihaba akasema nywele zimesukwa, zimefungwa, anaumwa, aachwe. Akaachwa. Damu ilikuwa imeshasema ya kutosha.

Ugonjwa unaitwa lupus. Nalitaja tena, lupus. Daktari alimweleza Bi Mwanamkasi ukumbini, nami nawapa kama alivyonipa. Mwili una kinga yake, kazi yake kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu kinga inageuka na kumpiga mwenyewe. Inapiga ngozi, inapiga viungo, inapiga nywele mpaka mizizi, na ikiachwa inapiga figo. Figo za Bi Sihaba zilikuwa zimekwisha. "Angekuja mwaka jana," daktari akasema, "tungekuwa na dawa za kuituliza. Wengi wanaishi nao." Hakusema kwa lawama. Bi Mwanamkasi anasema afadhali angesema kwa lawama.

Hakumaliza wiki.

Alirudishwa Bagamoyo siku ile ile aliyofariki. Nyumba ikajaa. Nje wanaume walikaa barazani na Bwana Mikdad, ndani wanawake walikaa na Nadhira, binti wa miaka kumi na tisa, ambaye naye alikuwa ameshaanza kusuka. Nadhira alitaka kuingia kumwosha mama yake, akaishia mlangoni. Akaingia Bi Mwanamkasi, na Bi Hajra, na wanawake wengine wawili wa mtaani. Maji yalitiwa mkunazi, yakatiwa karafuu maiti. Wakamwosha kwa sitara, kama inavyotakiwa. Wakafika kichwani.

Bi Hajra, kwa mazoea, akasema, "Mwiteni Sihaba."

Kisha akakisikia alichokisema, akaweka kata ya maji chini.

Bi Mwanamkasi akachukua chanuo la mti la dada yake. Aliwaza moyoni kwamba leo atamlipa kwa vile vilio vyote vya utotoni, atamsuka taratibu, mikia mitatu, bila kumvuta. Akafungua kitambaa cheusi.

Hapakuwa na kitu cha kufumua. Vishungi viwili vitatu vya nywele nyuma ya sikio, na makovu.

Wanawake wale walisimama na maji mikononi. Mmoja akatoka kwenda kulia bafuni. Bi Mwanamkasi alibaki ameshika chanuo. Aliyewasuka mikia mitatu wanawake wa mji mzima, mama yake mzazi akiwemo, yeye hakubakiwa na mkia hata mmoja. Na swali la daktari likamrudia. Na jibu lake likamrudia pia. "Nywele nzuri tu." Mpaka leo, anasema, akisikia mtu anaulizwa habari za mgonjwa wake, anatamani kumziba mdomo.

Bi Hajra akamwambia, "Weka chanuo, mwanangu. Tuendelee." Wakaendelea.

Sasa lile la ruhusa. Mwosha maiti akiona jambo, analifunika. Ni amana. Wanne wale waliingia na wanne walitoka, na midomo imefungwa. Bi Mwanamkasi alikusudia kufa nalo. Alilibeba siku zote za matanga, hamwambii hata binti wa marehemu, na binti naye akimwona mama yake mdogo anakwepa macho yake.

Siku ya hitma ya arobaini, watu walipokwisha kuondoka na masufuria kuoshwa, Nadhira alimshika mkono akamvuta chumbani, akafunga mlango.

"Mama mdogo, nina jambo. Usinikasirikie."

"Sema, mwanangu."

Nadhira akavua ushungi. Akageuka. Nyuma ya kichwa, juu kidogo ya kisogo, palikuwa na duara. Ngozi tupu, laini, kama mtu amenyoa kwa wembe. Na kando yake duara jingine dogo.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mama kulazwa. Nilimficha. Mama alikuwa akisema duara kama hili ni jicho la mtu. Niliogopa atahangaika, atasema mkono wangu umefungwa kabla haujakomaa. Nikawa nazifukia kule kule chini ya mrehani, yeye akishalala kidogo mchana."

Bi Mwanamkasi akakaa kitandani. Kule kule chini ya mrehani. Mama asubuhi, binti mchana. Kila mmoja akichimba kwa kijiti mahali pale pale, na kila mmoja akidhani nywele anazozikuta udongoni ni za wateja.

Usiri ukamshinda. Alikwenda kwanza kwa Bi Hajra, akamuuliza, je, ninaweza kusema? Bi Hajra akafikiri. "Tunachofunika ni aibu," akamjibu. "Maradhi si aibu. Mwambie mtoto, na mtoto akitaka, awaambie watu."

Akamwambia. Akamwambia kila kitu, kitambaa cheusi, makovu, chanuo. Nadhira hakulia siku hiyo. Asubuhi yake wakaenda Dar es Salaam, kwa daktari yule yule mwenye sauti ya chini, na safari hii ushungi ulivuliwa kabla swali halijaulizwa. Damu ikapimwa. Ya Nadhira si lupus. Nalirudia kwa wanaompenda binti huyu. Si lupus. Ni kunyonyoka kwa duara, ambako kinga ya mwili inakosea pia, lakini inakosea kwenye mizizi ya nywele peke yake. Si jicho la mtu. Mara nyingi zinarudi, daktari alisema, na dawa zipo, ila aendelee kuja kuangaliwa. Bi Mwanamkasi alisikia lile neno zinarudi, akaomba kutoka nje.

Nadhira anasuka sasa, kwenye mkeka wa mama yake. Nilipomtembelea alikuwa amemweka mtoto wa jirani katikati ya magoti, ushungi ameuvua, duara liko wazi kwa kila anayeingia. Kuna wateja wawili watatu hawakurudi. Wengine walikaa, na mmoja, mtu mzima, alivua ushungi wake akamwonyesha kichwa alichokificha tangu homa kali ya mwaka jana.

Kwa Bwana Mikdad, kwa Bi Mwanamkasi, kwa Nadhira na ndugu zake, na kwa Abuu ambaye bado anauliza mama amekwenda kumsuka nani, tunawapa pole. Poleni sana. Mwenyezi Mungu amsamehe Bi Sihaba, amlaze pema, na awape nyinyi subira.

Na wewe uliyebaki, kesho ukichana, kabla hujakunja zile za kwenye kitana, zitazame. Zikizidi, zisiporudi, au zikiambatana na viungo vinavyouma, uchovu usiokwisha, uso unaoungua na jua, vua ushungi mbele ya daktari na useme yote kwa pamoja. Usimpelekee moja moja. Adabu ya kufukia nywele sijasema muiache. Nasema kabla ya kufukia, mtu mmoja wa nyumbani mwako azione.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza Nadhira niwaambie nini wasikilizaji kwa niaba yake. Alimaliza mstari aliokuwa akiusuka, akafunga ncha kwa uzi, ndipo akajibu.

"Waambie, baba akiwa shambani tulikuwa tunalala chumba kimoja," akasema. "Ningemwonyesha langu, naye angenionyesha lake."